MAISHA YA NGONGO LUTETE: FUNDISHO JUU YA KIBURI NA UADUI



Wazee wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare wanalijua jina la Ngongo Lutete. Wengine wanalitaja kwa kumsifu, wengine kwa kumlaani. Sisi hatulitaji ili kufukua chuki ya zamani. Tunalitaja kwa sababu maisha ya mtu huyu yanatuonyesha jinsi kiburi kinavyohama toka moyo mmoja mpaka mwingine, kama moto wa nyasi wakati wa kiangazi.

Ngongo aliingia utumwani angali mtoto, akawa mtumwa wa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad, tajiri wa pembe na watumwa aliyekuwa na makao yake Kasongo. Kwa ushujaa wake vitani alipata uhuru, kisha bunduki, kisha watu, mpaka akawa mkubwa kule Ngandu, kando ya mto Lomami. Mtu angefikiri kwamba aliyeonja kamba shingoni atawahurumia wenye kamba. Haikuwa hivyo. Ngongo alisahau alikotoka. Alichoma vijiji, akateka watu, na boma lake la Ngandu likapambwa kwa mafuvu ya wanadamu. Yusufu naye aliuzwa utumwani, naye pia aliinuliwa. Lakini Yusufu alipopata mamlaka aliwalisha watu, hata wale ndugu waliomuuza. Njia yao ilikuwa moja, mioyo yao ilikuwa mbali.

Mwaka 1890 Tippu Tip alirudi Zanzibar. Mwanawe Sefu alibaki Kasongo, naye Munie Mohara alikuwa mkubwa wa Nyangwe. Wakati ule askari wa Bula Matari, serikali ya Léopold mfalme wa Ubelgiji, walikuwa wamekwisha kujenga kambi Lusambo. Mwaka 1892 Ngongo alipigana nao akashindwa, na katika mwezi wa tisa akajiweka chini yao. Sefu alikasirika mno. Machoni pake Ngongo alikuwa bado mtumwa wa nyumba ya baba yake, na mtumwa hajichagulii bwana. Akadai apewe Ngongo, wazungu wakakataa. Sababu nyingine zilikuwako, hasa ugomvi wa pembe, lakini aibu ile Sefu hakuweza kuimeza. Mwezi wa kumi na moja akapeleka jeshi lake Lomami.

Tuangalie matunda yake. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1893 Mohara aliuawa vitani. Tarehe 4 mwezi wa tatu, askari wa Dhanis pamoja na watu wa Ngongo walivuka Lualaba kwa mitumbwi ya Wagenya, wakaingia Nyangwe. Siku chache baadaye vita ikawaka tena ndani ya mji. Watu wengi wakafa na nyumba zikateketea. Soko la Nyangwe lilikuwa limekwisha kuonja damu mwaka 1871, wakati watu wa wafanyabiashara walipowapiga risasi wanawake wenye vikapu mbele ya macho ya Livingstone. Sasa mji mzima ulikuwa majivu. Tarehe 22 mwezi wa nne Kasongo nayo ikaanguka.

Ngongo aliona kwamba ameshinda. Mabwana zake wa zamani walikuwa wanakimbia, naye alirudi kwake Ngandu. Lakini huko maofisa wa serikali walimshitaki kwamba anapanga kuwageuka. Walimweka mbele ya baraza la kijeshi, wakamhukumu upesi, wakampiga risasi tarehe 15 mwezi wa tisa mwaka 1893. Dhanis aliposikia habari za kesi hiyo alimtuma daktari Hinde aende kuizuia. Hinde alifika amechelewa. Ngongo alikuwa amekwisha kufa.

Wapendwa, tusipite hapa haraka. Waliomhukumu walitoka nchi ya Kikristo, na serikali yao ilijisifu mbele ya dunia kwamba inakuja kuondoa utumwa. Lakini kiburi cha bunduki kiliwafanya wasiwe na masikio. Jina la Kristo likiwa mdomoni tu, halizuii mkono.

Na moto haukuzimika. Wengi wa watu wa Ngongo walikuwa wamefanywa askari wa serikali. Walikumbuka kifo cha mkubwa wao, wakaongeza juu yake mateso waliyopata kambini. Tarehe 4 mwezi wa saba mwaka 1895 waliasi Luluabourg, wakamuua kamanda wao. Mwaka 1897 askari wengine wakaasi katika safari ya Dhanis kwenda kaskazini. Damu ilimwagika kwa miaka mingi.

Tuhesabu basi. Ngongo aliwadharau wanyonge. Sefu alimdharau Ngongo. Maofisa waliwadharau wote. Askari walilipa kisasi. Kila mmoja alidhani yeye ndiye wa mwisho, kwamba akimaliza adui yake atakaa salama. Hakuna aliyekaa salama. Ndilo fundisho la Mithali 16, mstari wa 18, na ndilo lililompata Hamani juu ya mti aliomtengenezea Mordekai.

Sisi wa Maniema tumepita katika vita nyingine tangu mwaka 1996. Tunajua nani alichoma nyumba ya nani. Hata ndani ya kanisa wako wasiosalimiana kwa sababu ya kiti, ya urithi, ya neno lililosemwa miaka kumi iliyopita. Wako pia wanaodhani kwamba karama ya unabii au ya kuombea wagonjwa inawaweka juu ya ndugu zao. Wajue kwamba Ngongo naye alipanda juu.

Huruma ya Dhanis ilikuwa huruma, lakini ilifika maiti ikiwa imelala. Kama unaye ndugu wa kupatana naye, usimtume mjumbe kesho. Inuka wewe mwenyewe leo, wakati angali hai na wewe ungali hai.

Bwana atujalie moyo mnyenyekevu. Amina.