Cajal na Hukumu Isiyokuwa ya Mwisho

Wapo walimu ambao humtazama mwanafunzi kwa muhula mmoja tu, kisha wakamhukumu kuwa ni mbumbumbu wa daima. Laiti wangaliyajua maisha ya Santiago Ramón y Cajal, wangalisita.

Cajal alizaliwa mwaka wa 1852 katika kijiji cha Petilla, kaskazini mwa Uhispania. Utotoni alikuwa mtundu asiyeambilika. Alipenda kuchora kuliko kudurusu, hata babake, aliyekuwa tabibu, akampeleka kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu. Baadaye mzee huyo alimfunza anatomia kwa kutumia mifupa ya binadamu, na kipawa cha kuchora kikapata kazi. Alihitimu udaktari mjini Zaragoza mwaka wa 1873, akatumikia jeshi nchini Cuba ambako aliugua malaria, na hatimaye akawa profesa.

Mwaka wa 1887 alionyeshwa mbinu ya Mwitaliano Camillo Golgi ya kutia seli za neva rangi nyeusi. Aliiboresha, akaketi na hadubini yake, akachora alichokiona. Kufikia 1888 alikuwa amebaini kwamba ubongo si wavu mmoja ulioshikamana, kama Golgi alivyoshikilia, bali umeundwa kwa seli zilizotengana. Mwaka wa 1906 wawili hao walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel, na Golgi akaitumia hotuba yake kumpinga mwenzake.

Aidha, Cajal alichunguza majeraha ya neva. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1913 na 1914, alihitimisha kuwa katika ubongo wa mtu mzima njia za neva hazibadiliki, na kinachokufa hakirudi. Hata hivyo, aliwaachia wanasayansi wa baadaye jukumu la kuitengua hukumu hiyo wakiweza. Waliomfuata waliishika kauli ya kwanza, wakaisahau ya pili.

Ndiyo maana Joseph Altman, mtafiti nchini Marekani, alipotangaza katika miaka ya 1960 kwamba seli mpya za neva huzaliwa katika ubongo wa panya wazima, wachache walimsikiliza. Katika miaka ya 1980 Fernando Nottebohm alizibaini kwa ndege waimbao. Mwaka wa 1998 watafiti wa Uswidi na Marekani wakaripoti kuziona katika sehemu ya ubongo wa binadamu ihusikayo na kumbukumbu. Mwaka wa 2018 kundi moja la watafiti lilikana kuziona kwa watu wazima, jingine likasema zipo tele. Mjadala haujakwisha, na tiba ya ubongo uliojeruhiwa ingali inatafutwa.

Cajal alifariki mjini Madrid mwaka wa 1934. Hakika hakuwa mtu wa kukosea ovyo, lakini alijua kwamba neno lake si la mwisho. Mwalimu na amfundishe mwanafunzi yanayojulikana, kisha amwonyeshe yaliyobaki bila jibu. Na mwanafunzi asiyajibu maswali ya mtihani tu, bali athubutu pia kumuuliza mwalimu wake maswali.