Al-Biruni yuko angani, Mtwara tunamjua?

Wapo wanaodhani elimu ya nyota ilianza Ulaya. Mimi, mkazi wa Mtwara, naona maisha ya Abu Rayhan al-Biruni yanatosha kuwajibu.

Mwanachuoni huyu alizaliwa mwaka 973 Khawarizm, katika Uzbekistan ya leo. Mwaka 1017 Sultan Mahmud aliiteka nchi hiyo, naye akachukuliwa hadi Ghazna, Afghanistan. Ugenini hakuiacha kalamu. Aliandika kitabu cha kupima mahali ilipo miji, ili kibla cha Ghazna kijulikane kwa hesabu. Akiwa juu ya mlima katika Pakistan ya leo, alikokotoa ukubwa wa dunia. Alijifunza Kisanskriti akaandika habari za India, na humo akaitaja bandari ya Somnath na safari zake na Sofala ya Zanj. Sofala iko Msumbiji. Chombo kinachofuata mwambao hadi huko hupita Mikindani, Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma. Alifariki yapata mwaka 1050.

Mwaka 1986, huko Bulgaria, iligunduliwa asteroidi, yaani mwamba unaozunguka jua. Asteroidi hupewa namba njia yake ikishajulikana barabara. Kisha mgunduzi hupendekeza jina, na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia hulipitisha. Hiyo ni namba 9936, Al-Biruni.

Wenzetu wamemuenzi. Je, vijana wetu wa madrasa na sekondari wanamjua? Walimu, tuwafundishe. Kwake yeye, hesabu na kibla havikugombana.