Dogliotti: Mpasuaji wa Turin aliyeufungua mlango wa kutuliza maumivu

Mjini Nyeri, kuanzia Skuta hadi Mathari, jina la Turin si geni. Ndiko walikotoka wamisionari wa Consolata waliofika nchini mwaka 1902. Mwana mwingine wa mji huo wa Italia, ingawa si mhubiri, amewafaa wagonjwa wengi wasiomjua. Huyo ni Achille Mario Dogliotti.

Dogliotti alizaliwa Turin mwaka 1897, akasomea udaktari huko huko. Maumivu ndiyo yaliyomshughulisha mapema. Mwaka 1931 alieleza jinsi ya kudunga alkoholi katika maji ya uti wa mgongo ili kuua neva zinazopeleka maumivu, tiba kali iliyowafaa hasa wagonjwa wa saratani.

Miaka hiyo hiyo alitangaza njia iliyompa sifa duniani. Nje ya utando unaofunika uti wa mgongo mna uwazi mwembamba mno, na kuupita kwa bahati mbaya ni hatari. Dogliotti aliufikia kwa kutegemea kidole gumba. Aliisukuma sindano polepole huku akikandamiza bomba lililojaa maji. Ikiwa ndani ya kano, bomba hugoma; ikishapenya, ugumu hutoweka ghafla na maji huingia. Hapo ndipo dawa ya ganzi humiminwa. Hiyo ndiyo ganzi ya epidurali.

Haki yataka isemwe kwamba hakuwa wa kwanza. Daktari wa jeshi la Uhispania, Fidel Pagés, aliandika kuhusu ganzi hiyo mwaka 1921, lakini kwa Kihispania tu, na mwaka 1923 akafa katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 37. Sifa ikamwendea Mwitaliano.

Dogliotti alifundisha Modena na Catania kabla ya kurejea Turin. Agosti 1951, akimpasua mgonjwa mwenye uvimbe kifuani, alitumia mashine iliyousaidia moyo kwa kuzungusha damu nje ya mwili. Alifariki mwaka 1966.

Hakuwahi kuona mlango wake ukitumiwa kwa yale ambayo huenda yakawa makubwa zaidi. Ganzi peke yake huisha baada ya saa chache, na maumivu ya kidonda humrudia mgonjwa usiku. Ikiongezwa kipimo, shinikizo la damu hushuka na miguu hulegea. Mwaka 1947 Manuel Martínez Curbelo wa Cuba aliacha mrija mwembamba mgongoni ili dawa iendelee kutiwa. Mwaka 1979 madaktari wa Jerusalem walieleza kwamba mofini kidogo, ikipitishwa hapo, hutuliza maumivu kwa saa nyingi bila kufisha ganzi mwili.

Tangu hapo ganzi huchanganywa na mofini au fentanili, kila moja kwa kipimo kidogo kuliko ambavyo ingehitajika peke yake. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huweza kukohoa, kugeuka kitandani na kutembea mapema. Mapafu yake hunusurika. Gharama ya dawa si kikwazo kikubwa kama uhaba wa watu. Mofini huleta mwasho na kichefuchefu, na mara chache hupunguza pumzi saa nyingi baada ya kudungwa, wakati wodi imelala. Kwa hiyo lazima awepo muuguzi wa kuhesabu pumzi hizo mpaka asubuhi, na nalaksoni, dawa ya kuizima mofini, iwe karibu na kitanda.