Nikola Tesla na Mota Isiyo na Cheche

Mtu apelekapo mtama kusagwa kwa mashine ya umeme, huko Busawe au penginepo katika nchi ya Mara, husikia mvumo wa mota. Wengi huusikia, lakini wachache wamjua aliyeibuni mota ya namna ile.

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, katika nchi iitwayo leo Kroatia. Baba yake alikuwa kasisi, akataka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Lakini kijana alipenda mashine. Hata mwaka 1873 akashikwa na kipindupindu, akawa karibu kufa. Ndipo baba yake akamwahidi kwamba akipona atampeleka katika chuo cha ufundi. Akapona, na baba akatimiza ahadi yake.

Mwaka 1875 akaingia chuo cha Graz, Austria. Huko mwalimu akawaonyesha wanafunzi mota ya siku zile. Umeme uliingia katika sehemu izungukayo kwa brashi zilizosuguana na shaba, nazo zilitoa cheche na kuchakaa. Tesla akasema kwamba huenda brashi zile zikaondolewa. Mwalimu akamwambia mbele ya wenzake kuwa jambo hilo haliwezekani kamwe. Kijana akanyamaza, asiache kufikiri.

Mwaka 1882, alipokuwa akitembea bustanini na rafiki yake katika mji wa Budapest, jibu likamjia ghafula. Akaokota kijiti, akalichora mchangani. Maana yake ni hii: nyaya zikipangwa kuzunguka chuma, na umeme ukipita ndani yake kwa zamu, nguvu ya sumaku huzunguka. Nguvu hiyo huamsha umeme katika sehemu ya ndani pasipo kuigusa, nayo huifuata.

Mwaka 1884 akavuka bahari kwenda New York. Huko akaona taabu, hata akachimba mitaro apate chakula. Tarehe 1 Mei 1888 serikali ya Marekani ikampa hati za uvumbuzi wake, na George Westinghouse akanunua haki ya kuutumia. Mwaka ule ule Galileo Ferraris wa Italia akatangaza fikira hiyo hiyo, aliyoipata kwa akili yake mwenyewe. Naye tusimnyime heshima. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo. Tesla alikufa maskini tarehe 7 Januari 1943.

Mota yake hutii umeme uiendeshao. Umeme ukibadilika mara 50 kwa sekunde, sumaku ya mota yenye ncha 4 huzunguka mara 1500 kwa dakika. Sehemu ya ndani huchelewa kidogo tu. Fundi akizidisha au akipunguza mara zile 50, mwendo nao hubadilika.

Tena fundi hodari huitambua mota iliyo mgonjwa. Ikivuma isizunguke, huenda waya mmoja katika mitatu haupitishi umeme. Yampasa aizime upesi, isije ikaungua. Ikikwaruza, huenda beringi zimekauka. Ikizunguka kinyume, nyaya mbili zimebadilishana mahali.

Basi, watoto, mota msiiguse, illa mvumo wake msikilizeni. Ni kazi ya mwanafunzi aliyeambiwa kuwa haiwezekani, naye akafikiri miaka mingi hata ikawezekana.