Joel Bendera na Taifa Stars ya 1980

Ndugu wana-Korogwe, kila mwaka tukikutana kwa ajili ya harambee, kabla pilau halijaiva, hoja hii huibuka: ni nani hasa aliyeipeleka Taifa Stars Lagos? Meza moja humtaja Bendera na kufunga mjadala. Nyingine hukumbusha kwamba vitabu vya takwimu vimeandika jina la Mpolandi Slawomir Wolk. Mwaka huu, kwa kuwa tunachangia kiwanja cha vijana, tumeona tuyaandike ya mzee wetu.

Joel Nkaya Bendera, mwana wa Korogwe, alizaliwa 1950. Wengi walio chini ya miaka arobaini wanamjua kama mbunge wetu wa Korogwe Mjini kuanzia 2005 hadi 2010, Naibu Waziri aliyeshughulikia michezo, kisha Mkuu wa Mkoa wa Morogoro na baadaye Manyara. Wazee wetu wanamkumbuka kwenye benchi la ufundi.

Agosti 1979 nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda na fedha hazikuwepo. Stars iliifunga Zambia 1-0 hapa nyumbani, ikaenda Ndola kurudiana. Zambia walitangulia kufunga. Zikiwa zimebaki dakika chache, Peter Tino akasawazisha, 1-1, na uwanja mzima ukanyamaza. Tukafuzu. Bendera alikuwa kijana wa miaka 29, karibu rika moja na wachezaji aliowafundisha.

Sasa tugawe hesabu, na wahasibu tuliomo kwenye kamati tunajua ugumu wa kugawa kitu kisicho na risiti. Bao ni la Tino. Langoni alikuwapo Juma Pondamali, nyuma Jella Mtagwa na Leodegar Tenga, na hakuna kocha aliyewaumba hao. Walitoka Simba, Yanga na Pan African, na Pan African yenyewe ilizaliwa kwa ugomvi ndani ya Yanga. Kuwavalisha jezi moja watu wa klabu zilizokuwa hazipeani salamu ni kazi ambayo haionekani kwenye matokeo. Wolk ana fungu lake, nasi hatumnyang'anyi. Kwenye fainali, kumbukumbu zinamtaja yeye kuwa kocha mkuu. Lakini mgeni hakai peke yake na wachezaji. Kunahitajika mtu anayejua nani amegombana na nani, nani ana msiba nyumbani, nani akisemwa mbele ya wenzake anaharibikiwa. Fungu hilo sisi tunaliandika kwa jina la Bendera, na asiyekubali atukute mezani.

Lagos kwenyewe hatukuchukua kombe. Nigeria walitufunga 3-1, Misri 2-1, kisha tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Pointi moja! Wapo wanaosema hiyo si kitu cha kujengea sifa. Tuwajibu kwa tarakimu: timu iliyofuata ya Tanzania kucheza fainali hizo ilikuwa ya 2019, miaka 39 baadaye, chini ya Emmanuel Amunike wa Nigeria. Katikati hapo walipita makocha wengi, wageni kwa wenyeji, wengine wakiwa na mishahara ambayo benchi la 1979 lisingeiota. Mmoja wao, Marcio Maximo wa Brazil, alitupeleka kwenye fainali za CHAN za 2009.

Bendera hakuiona Stars ya 2019. Alifariki Muhimbili tarehe 6 Desemba 2017, wiki chache baada ya kuacha ukuu wa mkoa.

Kiwanja tunachokichangia bado hakina jina. Kamati imegawanyika: wengine wanataka kiitwe Bendera, wengine wanaona kitangulie kupata magoli na nyavu, jina lifuate. Fomu ya mchango iko ukurasa wa mwisho, na tumeacha nafasi ya kuandika maoni yako.