Michael Graham, mtu wa wavu wa inchi 5

Msikilizaji wetu, ukipita sokoni Kisongo siku ya mnada, ukishamaliza habari za mbuzi na ng'ombe, utamkuta mama mwenye ndoo ya perege. Wengine wabichi, wengine wamekaangwa tayari. Wengi wa samaki hao wametoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo linapokea maji ya mlima wetu. Mito ya Themi na Usa inashuka Meru, inaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inamwaga bwawani. Swali tunaloletewa kila mara kwa simu ni moja: mbona perege wa siku hizi ni wadogo kama kiganja cha mtoto?

Tumeona jibu lake lianzie kwa mtu aliyefariki mwaka 1972, Mwingereza aitwaye Michael Graham. Kwa watu wa uvuvi Afrika Mashariki jina lake ni kubwa, ingawa wengi wetu huku milimani hatujawahi kulisikia.

Graham alizaliwa mwaka 1898. Baada ya masomo Cambridge aliingia kazini mwaka 1920 katika maabara ya uvuvi ya serikali huko Lowestoft, mji wa pwani mashariki mwa Uingereza, akichunguza samaki wa Bahari ya Kaskazini. Alianzia kwenye maji ya chumvi na baridi, mbali kabisa na kambare na furu. Lakini mwaka 1927 alitumwa kuja kuongoza uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Victoria, zima kwa pamoja, upande wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka kama 22, Barton Worthington, ambaye baadaye naye alipata jina lake mwenyewe kwa kuchunguza maziwa mengine ya Afrika.

Kwa nini alitumwa? Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka michache baadaye, mwaka 1905, zikaingia nyavu za makila zilizofumwa kwa kitani kutoka Ulaya. Kabla ya hapo watu wa ziwa walivua kwa migono, kwa ndoana, kwa uzio wa matete na kwa makokoro ya mafunjo, na samaki aliliwa karibu na alipovuliwa. Reli ikafanya samaki awe biashara. Nyavu zikaongezeka, samaki aliyetafutwa kuliko wote akiwa ngege. Muda si mrefu wavuvi wa Ghuba ya Kisumu wakaanza kulalamika: nyavu nyingi, samaki wachache.

Graham hakuanza na kuwalaumu wavuvi, na hilo tunalipenda kwake. Alianza na kupima. Alitega nyavu zenye matundu ya ukubwa tofauti, akalinganisha kila wavu umeshika nini na samaki walioshikwa wamefikia umri gani. Hapa lazima tueleze kidogo tabia ya ngege, maana ndiyo kiini cha habari yote. Ngege jike hatagi mayai mengi akayaacha yajitegemee kama samaki wengi wa baharini. Anayaweka mdomoni. Yanaanguliwa humohumo, na vifaranga vikitishwa vinakimbilia kinywani mwa mama. Ni malezi mazuri, ila maana yake ni kwamba anazaa wachache. Ukimvua jike kabla hajazaa hata mara moja, umefunga ukoo.

Akaona kwamba wavu wenye jicho la inchi 5, yaani kama milimita 127 ukiuvuta tundu lake, unashika zaidi samaki waliokomaa. Wavu wa jicho dogo unashika wale ambao bado. Pendekezo lake likawa fupi: chini ya inchi 5 isiruhusiwe. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1929, na miaka ya mwanzo ya 1930 serikali za nchi tatu ziliifanya inchi 5 kuwa sheria.

Katika ripoti hiyohiyo kulikuwa na onyo. Tayari walikuwepo watu waliofikiri ziwa lingenufaika kwa kuletewa samaki mkubwa mlaji kutoka maziwa mengine. Graham alisema hatari yake ni kubwa mno, na kwamba lisifanyike bila utafiti mrefu kwanza. Mwaka huo 1929 sangara hakuwemo Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950, wanasayansi wakiwa bado wanabishana. Ilipofika miaka ya 1980 sangara alikuwa amejaa ziwani, viwanda vya minofu vikaota Mwanza, na aina nyingi mno za furu zikatoweka. Tuseme kwa haki: sangara amewajengea watu nyumba na kusomesha watoto. Lakini aliyeuliza mapema kama hesabu ya faida na hasara imepigwa alikuwa mtu huyu.

Jambo lingine alilotaka ni kwamba ziwa liangaliwe kama ziwa moja, kwa takwimu za pamoja, maana samaki hajui mpaka. Hilo lilichukua karibu miaka 20. Mwaka 1947 ndipo shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilipoanzishwa Jinja, Uganda. Kutoka Jinja alifanya kazi Rosemary Lowe, mwanamke ambaye mwaka 1955 aliwapa majina ya kisayansi perege wa kwetu, yule wa Pangani na yule wa Ziwa Jipe. Aliacha kazi alipoolewa kwa sababu kanuni za wakoloni hazikumruhusu mke wa mtu kuwa mtumishi. Huyo anastahili makala yake.

Shirika la Jinja lilikuwa mali ya nchi tatu, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na lake. Kwetu Tanzania ikaundwa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, mwaka 1980, yenye vituo hadi Mwanza, Kigoma na Kyela.

Graham mwenyewe alirudi Lowestoft. Mwaka 1935 aliandika nadharia iliyomfanya ajulikane duniani: kwamba ukipunguza nguvu ya uvuvi mpaka kiasi fulani, unapata samaki wale wale au hata zaidi, kwa mafuta na jasho kidogo. Alikuwa ameona ushahidi. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza meli nyingi ziliacha kuvua, na vita vilipoisha samaki walikuwa wamejaa. Aliandika pia kitabu cha kilimo na udongo mwaka 1941, na kingine cha uvuvi mwaka 1943. Mwaka 1945 akawa mkurugenzi wa utafiti wa uvuvi wa nchi yake hadi 1958.

Na sheria ya inchi 5? Miaka ya 1950 ilianza kulegezwa, kwa hoja kwamba ni vigumu kuisimamia na kwamba wapo samaki wengine wadogo wa kuvua. Nyavu za nailoni nazo zilikuwa zimeingia, imara kuliko kitani. Ngege wakapungua haraka, kisha sangara na sato wageni wakamaliza kazi. Leo katika Ziwa Victoria lenyewe ngege ni nadra sana. Amebaki kwenye viziwa vidogo vya pembeni.

Na amebaki kwetu. Watu walimleta ngege katika bonde la Pangani, akaenea hadi Nyumba ya Mungu, akawa miongoni mwa samaki wakuu wa bwawa. Kwa hiyo ndani ya ile ndoo ya Kisongo, katikati ya perege wengine, huenda yumo. Bwawa limewahi kufungwa na serikali ili samaki wazaliane, na makokoro na nyavu za matundu madogo bado yanakamatwa huko.

Wanasayansi wakiandika jina kamili la ngege, huweka mwishoni jina la aliyemweleza kwanza kitaalamu na mwaka wake: Graham, 1928.