Kengele ya Marehemu Eddie Robinson

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mlio bado madarasani, kocha huyu alifariki mwaka 2007, na wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Alizaliwa mwaka 1919 katika jimbo la Louisiana, Marekani, mtoto wa mkulima aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Mwaka 1941, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa timu ya chuo cha watu weusi huko Grambling kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi. Alidumu hapo hadi mwaka 1997, akashinda mechi 408 za mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi. Zaidi ya wachezaji wake 200 walichukuliwa na timu za kulipwa.

Lakini wanafunzi wake walimkumbuka zaidi kwa kengele. Asubuhi na mapema alipita bwenini akiigonga, ili asiwepo mchezaji wa kulala wakati wa masomo. Husemwa kwamba wanane katika kila kumi walipata digrii.

Siku hizi mikataba mingi ya makocha wa vyuo vya Marekani ina bakshishi ya matokeo ya darasani, ingawa ile ya ushindi kwa kawaida ni nono zaidi. Hapo naona mizani imepinda. Nasi pia, tukimchangia zawadi mwalimu wa michezo, huhesabu vikombe tu. Hatuulizi vijana wa timu walipata daraja gani kidato cha nne.

Robinson mwenyewe alirudi kusoma, akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1954, tayari akiwa kocha.